Kiwanja cha Kambi ya Skauti Kitafutwe Mapema

Rai ya kuuleta Visiwani mkusanyiko mkubwa wa taifa wa vijana wa skauti ni rai njema, na safu hii inaiunga mkono bila ya kusita. Kijana wa Songea au wa Bukoba aliyeisoma Unguja katika kitabu cha jiografia ana haki ya kuiona kwa macho yake, akala chakula cha wenyeji, akalala katika ardhi yake, kisha akarudi kwao na marafiki wa Makunduchi na wa Micheweni. Lakini baina ya rai njema na kambi njema pana jambo moja ambalo aghalabu huachwa mpaka mwisho, nalo ni kiwanja. Watu hupanga tarehe, wakaalika wageni rasmi, wakashona skafu na kuchapisha vyeti, kisha ndipo mmoja wao akauliza: hivi watoto hawa watalala wapi?

Sisi tunasema swali hilo ndilo la kwanza, na mpaka lipatiwe jibu, hayo mengine yote yangoje.

Wako watakaoona kwamba tunatia chumvi. Watasema skauti ni mtu wa porini, amefunzwa kuvumilia, na mahali popote penye uwazi patamfaa. Maneno hayo ni ya kweli kwa kikosi cha vijana kumi na watano na mkuu wao. Kwa vijana elfu tano si kweli hata kidogo. Watu elfu tano wakikaa mahali pamoja kwa siku saba wamekuwa mji, tena mji usio na mifereji, usio na soko wala hospitali, na ambao karibu wakaazi wake wote ni watoto wa watu waliokabidhiwa kwetu kwa amana.

Uskauti wenyewe ulizaliwa kisiwani. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka Brownsea, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, na huko wakapiga mahema na kufunzwa kupika, kufuata nyayo na kuokoa maisha. Kwa watu ishirini kisiwa kile kilitosha na kusaza. Taabu ilianza idadi ilipokua. Mwaka 1920 jamborii ya kwanza ya dunia ilifanyiwa katika ukumbi wa Olympia mjini London, chini ya paa, na udongo ukamwagwa sakafuni. Lakini vijana waliolazwa katika mahema huko Richmond, kando ya mto Thames, walikurupushwa usiku na maji ya mto uliofurika. Mwaka 1929, huko Arrowe Park karibu na Birkenhead, mvua ilinyesha mpaka jamborii ile ikabaki katika kumbukumbu za watu kwa matope yake. Mwaka 1935 jamborii ya taifa ya Marekani, iliyokuwa imekwisha kuandaliwa mjini Washington, iliahirishwa kwa sababu ya maradhi ya polio, ikafanywa mwaka 1937. Na mwezi wa Julai mwaka 2005, katika kambi ya jeshi ya Fort A.P. Hill huko Virginia, viongozi wanne wa skauti walikufa kwa umeme pale nguzo ya hema kubwa waliyokuwa wakiisimamisha ilipogusa waya uliopita juu yao. Siku mbili baadaye mamia ya vijana walizidiwa na joto uwanjani hapo hapo. Hawa hawakuwa watu wasiojua kazi yao. Walikuwa na fedha, wataalamu na jeshi zima la nchi yao nyuma yao.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi kwa miaka ni ule wa Korea ya Kusini, na huo unastahili kutazamwa kwa makini na kila ofisa ambaye siku moja atatia sahihi karatasi ya kuchagua kiwanja. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 vijana na viongozi wao wapatao 43,000 kutoka nchi zaidi ya 150 walikusanyika Saemangeum, katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Ardhi ile haikuwa ardhi ya kale. Ilikuwa bahari, kisha ikazungushiwa ukuta wa urefu wa kilomita 33 na kujazwa. Ilikuwa tambarare kama meza, haina mti wa kivuli, na maji ya mvua yakituama juu yake hayana pa kwenda. Mahema yalilazimika kuwekwa juu ya vichanja ili yasilowe. Joto lilifika nyuzi 35, mamia ya vijana wakaugua, mbu wakawauma usiku, vyoo vikawa vichache na vichafu. Waingereza, waliokuwa zaidi ya 4,000, waliwaondoa vijana wao kabla ya wakati, na Wamarekani na watu wa Singapore wakafanya vivyo hivyo. Tarehe 8 Agosti, kwa kuhofia kimbunga kilichokuwa kikija, kambi nzima ilivunjwa, na vijana wakasafirishwa kwa mabasi zaidi ya elfu moja kwenda Seoul na miji mingine.

Ilisemwa sana nchini humo kwamba kiwanja kile kilipendwa si kwa kuwa kiliwafaa vijana, bali kwa kuwa mkoa ulitumaini kwamba jamborii ingeuletea barabara na uwanja wa ndege. Sisi hatuna la kuwahukumu. Twalitaja kwa sababu kishawishi hicho hakina utaifa. Na jambo moja jingine la kukumbuka: mwaka mmoja kabla yake, 2022, ilikuwa ifanywe kambi ya majaribio mahali pale pale, na kambi hiyo ikafutwa. Lau ingefanywa, matope na mbu wangejulikana mapema.

Sasa turudi kwetu. Macho ya kila mgeni, na ya maofisa wengi vile vile, hukimbilia pwani ya mashariki ya Unguja. Nani asiyevutiwa na Bwejuu au Jambiani, mchanga mweupe, minazi, na bahari inayokupwa mpaka karibu na mwamba? Picha zitatoka nzuri. Lakini nchi ile ni nchi ya maweni. Udongo wake ni haba, umelala juu ya jiwe la matumbawe, na shimo la choo halichimbiki pale ila kwa mtaimbo na jasho. Likishachimbika, kilichomo ndani yake hakikai. Hupenya katika nyufa za jiwe na kuifuata njia ya maji mpaka kisimani. Na maji yenyewe ya visima vile ni amana nyembamba. Maji matamu ya chini ya kisiwa yameelea juu ya maji ya chumvi, na mwenye kuyavuta kwa pupa huipandisha chumvi juu. Kisima kilichoharibika kwa wiki moja ya sherehe kinaweza kuwasumbua wanakijiji muda mrefu baada ya wageni kuondoka.

Pana jambo jingine la pwani ambalo mgeni halioni kwa sababu maji yakijaa hulifunika. Tangu mwaka 1989 akina mama wa vijiji kama Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani katika eneo lile lile ambalo maji yakitoka vijana watataka kukimbia na kucheza. Kamba zimefungwa kwenye vijiti, na kila kamba ina mwenyewe. Miguu elfu kumi isiyojua hayo ikipita hapo wakati wa bamvua, nani atamlipa Bi Mwani wetu? Tumemwita hivyo kwa kuwa hana jina katika makaratasi ya kamati yo yote tuijuayo ya kupokea wageni.

Tupige hesabu kidogo, kwani hesabu haina upendeleo. Tuchukue mfano wa vijana 5,000. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada katika makambi ya dharura ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, nacho ni kipimo cha chini, cha kunywa, kupika na kujisafisha bila ya israfu. Basi kwa siku moja twahitaji lita 75,000, na kwa siku saba lita 525,000. Gari la maji la lita 10,000 litafanya safari nane kila siku, na likiharibika siku moja, vijana wana kiu. Vyoo navyo, kwa kipimo cha choo kimoja kwa watu 20, vitakuwa 250. Ama nafasi, ikiwa kila mtu atahesabiwa mita za mraba 45, pamoja na njia, majiko, uwanja wa mikutano na masafa ya kuzuia moto baina ya mahema, hapo tunazungumzia hekta 22 na nusu, yaani eka 55 hivi. Ofisa akiletewa jina la kiwanja, na aulize kwanza juu ya tarakimu hizi tatu: lita 75,000, vyoo 250, eka 55. Kiwanja kisichoweza kuzijibu kifutwe katika orodha hata kikiwa na mandhari ya peponi.

Hatuandiki haya kwa kuogopa vivuli. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Zanzibar, na kikaendelea mpaka mwaka 2016, hata Serikali ikalazimika kupiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji barabarani. Maradhi hayo huanzia pale pale tunapopazungumza, baina ya choo na kisima. Tunajua pia kwamba kijana akiugua siku ya sita ya kambi, siku ya nane yumo ndani ya boti, na siku ya kumi yuko kwao Tabora au Mtwara. Kosa la kiwanja cha Unguja litakuwa kosa la nchi nzima.

Yako pia mabonde. Mtu akilitazama bonde la Cheju wakati mpunga umekwisha kuvunwa, huona uwanda mpana, tambarare, wenye barabara, na akasema hapa ndipo. Siye tunasema hapo sipo. Bonde ni la mpunga kwa kuwa linashika maji, na ardhi inayoshika maji kwa mpunga itayashika kwa mahema vile vile, kama ilivyokuwa Saemangeum. Aidha, penye maji yaliyotuama pana mbu. Zanzibar imepata sifa kubwa katika vita dhidi ya malaria. Kwa miaka mingi kiwango cha maambukizo kilishushwa hadi chini ya asilimia moja. Lakini wagonjwa waliongezeka tena mwishoni mwa mwaka 2023, na wataalamu wamekuwa wakieleza kwamba sehemu kubwa ya vimelea huja na wasafiri. Kuwaleta vijana elfu kadhaa kutoka mikoa yenye malaria nyingi na kuwalaza kando ya mabonde yenye mbu ni kumpa adui mlango. Dawa yake si kuwakataza wageni, wala kuwatia unyonge bandarini kana kwamba wamekuja na hatia. Wapimwe kwa heshima, wenyeji wapimwe pamoja nao, kila hema liwe na vyandarua, na kambi ikae mbali na bonde.

Tukishayaondoa maweni na mabonde, kinachobaki ni ukanda wa kati na wa magharibi wa Unguja, nchi ya udongo mzito na miinuko midogo, kuanzia upande wa Dole na Kizimbani kuteremkia Mwera na Dunga. Rai yetu ni kwamba kiwanja kitafutwe huko. Maji ya mvua hupata mteremko yakaondoka, shimo huchimbika kwa jembe, miembe inatoa kivuli, barabara ya mjini iko karibu, na mgonjwa mahututi anaweza kufikishwa hospitali ya Mnazi Mmoja bila ya kuvuka nusu ya kisiwa. Hapana bahari ya kuogelea? Vijana watapelekwa pwani kwa zamu, mchana, chini ya usimamizi, na jioni watarudi kulala mahali penye maji na vyoo. Bahari ya kutazama inatosha kwa siku moja. Choo chatakiwa kila siku.

Lakini hata huko kuna mitego miwili. Mmoja utawachekesha wageni, hautamchekesha mwenyeji: minazi. Shamba la minazi lililopaliwa vizuri ni safi, lina mistari kama gwaride, na kila mgeni atadhani Mungu ameliumbia mahema. Mwenyeji anajua kwamba nazi haina ratiba ya kuanguka, wala kuti bichi halitoi salamu. Chini ya minazi pasilazwe mtoto.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Ardhi ya ukanda huo si tupu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wakulima wengi waligawiwa eka tatu tatu, na ingawa sheria ya mwaka 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni ya umma, mkulima aliyepanda mhogo, migomba na mikarafuu katika eka zake hamuelewi mtu anayemwambia kwamba kwa wiki mbili hazitakuwa zake. Tumesema kambi yahitaji eka 55. Hizo ni eka za familia 18. Familia kumi na nane zikiondolewa kwa amri ya barua, hata kwa muda, tutakuwa tumewafunza vijana elfu tano kwamba wema wa skauti huanzia juu ya mazao ya mtu mwingine. Kwa hivyo kitafutwe kiwanja katika mashamba yaliyo mikononi mwa Serikali, ambayo yamo katika ukanda huo huo. Na ikiwa pembe yake moja itagusa shamba la mwananchi, basi sheha aitwe kabla ya mpimaji, wenyewe waulizwe kabla ya ramani kuchorwa, mazao yahesabiwe mbele yao, na malipo yatolewe kabla ya hema la kwanza kusimama. Malipo ya baadaye tunayajua. Hayana tofauti kubwa na kutolipwa.

Kuni nazo zisisahauliwe. Watu elfu tano wakipika kwa moto wa kuni kwa siku saba, hapana kichaka kitakachobaki jirani. Ni jambo la kusikitisha kumsikia mzee wa uskauti akidai kwamba kambi bila ya kuni si kambi. Kila mkoa upewe majiko ya gesi, na moto wa kuni uwe mmoja tu, ule wa usiku wa nyimbo.

Tumezungumza juu ya nchi kavu. Tuzungumze juu ya bahari, kwani hapo ndipo palipo roho za watu. Kwa upande wa ardhi, wakati mzuri wa kambi ni kipupwe, mwezi wa Julai na wa Agosti, masika yakiwa yamekwisha, hewa imepoa na vuli bado. Kwa upande wa bahari, huo ndio wakati wa kusi, na kusi huichafua njia ya kutoka Dar es Salaam. Ndugu zetu hawajaisahau tarehe 18 Julai 2012, ilipozama meli ya MV Skagit karibu na Chumbe ikiwa njiani kuja Unguja, wala tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I ikielekea Pemba huku imebeba watu kupita kiasi. Wapo majumbani mwetu watu ambao tangu siku hizo hawajapanda chombo.

Basi msimu unaoifaa ardhi hauifai bahari. Mwenye kuchagua miezi ya Januari na Februari ili apate wepesi wa bahari atawapokea vijana katika joto kali la kaskazi, wakati hesabu yetu ya lita 15 haitatosha tena. Sisi tunaona ardhi ipewe haki yake na kambi iwe Julai, lakini usafiri upangwe kwa nidhamu isiyo na mapatano. Vijana wasivushwe wote kwa siku moja wala kwa siku mbili. Wavushwe kwa siku nne au tano, asubuhi mapema kabla ya upepo kupata nguvu, kila abiria ameandikwa jina, kila mtoto ana jaketi lake la kujiokolea, na nahodha awe na neno la mwisho. Nahodha akisema leo hapana safari, basi hapana safari, hata mgeni rasmi akiwa amekwisha kukaa jukwaani. Nafasi hizi za kungoja ziingizwe katika ratiba tangu mwanzo, pamoja na mahali pa kuwalaza waliokwama upande wa pili na chakula chao. Kamati isiyoweka siku za akiba itajikuta inamsukuma nahodha, na hapo hatutaki kufika.

Ndugu zetu wa Pemba watauliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini kila kubwa liwe la Unguja. Pemba ina udongo kuliko Unguja, ina maji, ina vilima vya kupitisha upepo, na ina msitu wa Ngezi ambao ungekuwa darasa la ajabu kwa kijana mpenda maumbile. Kama pangekuwa na daraja, tungesema Pemba bila ya kufikiri mara mbili. Lakini kumvusha kijana mara mbili, na mara ya pili katika mkondo wenye kina kirefu kuliko ule wa kwanza, ni jambo la kujaribiwa kwanza kwa idadi ndogo. Pendekezo letu ni kwamba kambi ya viongozi wa skauti, watu mia tatu au mia nne, wote wazima, ifanyiwe Pemba mwaka mmoja kabla ya ile kubwa. Mkoani ina bandari na ina hospitali ya Abdalla Mzee. Viongozi hao watajifunza mengi kuhusu Visiwa kabla ya kuwaleta watoto, na Pemba itapata heshima yake bila ya kubebeshwa hatari.

Kuna la mwisho katika jambo la ardhi, nalo ni la kudumu zaidi. Wamarekani, baada ya kufanyia jamborii zao za taifa katika kambi ya jeshi tangu mwaka 1981 hadi 2010, walinunua ardhi yao wenyewe huko West Virginia, wakaanza kuitumia kwa jamborii ya mwaka 2013, na mwaka 2019 wakaipokea dunia hapo. Hatuna fedha zao wala hatuhitaji milima yao. Lakini wenzetu wa Kenya wana kambi yao ya Rowallan mjini Nairobi, na kijana wa Kenya anajua pa kwenda akitaka kujifunza kufunga fundo. Je, Serikali haiwezi kutenga eka sitini za shamba lake moja katika wilaya ya Kati, zikawa kiwanja cha vijana daima, si cha skauti tu bali cha shule, cha madrasa na cha Msalaba Mwekundu? Hodhi la maji lililojengwa kwa wiki moja ni gharama. Lililojengwa kwa miaka thelathini ni mali. Vyoo vilivyojengwa kwa matofali havifukiwi wageni wakiondoka. Na yakitokea maafa, Mungu apishie mbali, mahali hapo patakuwa tayari pa kuwahifadhi watu waliofurikiwa na mvua za masika katika mitaa ya mjini, ambao hupelekwa katika madarasa ya shule na kuwakosesha watoto masomo.

Kwa hayo, tunaziomba wizara zinazohusika na vijana, ardhi, maji na afya zikae meza moja pamoja na viongozi wa skauti na kuyatangaza hadharani majina ya viwanja vinavyofikiriwa, ili wananchi wa maeneo hayo waseme wanayoyajua. Mzee aliyezaliwa Dunga anajua ni wapi maji hutuama mwezi wa Aprili, na hadai posho kwa kulisema hilo. Majina yakishabaki mawili, wapelekwe vijana mia moja wa Unguja, na maofisa watakaotia sahihi wakiwa miongoni mwao, wakalale katika kila kiwanja siku tatu mwezi wa Julai, wanywe maji ya pale, watumie vyoo vya pale, na mganga aandike kila aliyeumwa na mbu na kila aliyeharisha. Karatasi ya mganga huyo iwekwe juu ya faili, kabla ya ramani na kabla ya bajeti. Na ofisa ambaye hakulala hapo hizo siku tatu asipewe kalamu.